Fagio la Magurudumu

Butiama,
Jumapili, 11 Februari 2024

Dada Euphrasia,

Salamu zetu wote wa huku nyumbani zikufikie. Judith anasema lile gauni ulilomshonea limemkaa vizuri mpaka wenzake wa kwaya wanamuuliza fundi wako ni nani. Anawaambia ni wifi yangu wa Musoma, na nafikiri utapata wateja. Ng'ombe mwekundu amezaa, ndama jike. Shamba tunaliandaa, tunangoja mvua tu. Mama hajambo.

Utashangaa kuona barua wakati simu ipo. Simu yangu unaijua, inapigaga kelele kama redio ya baa, mtu akipita barabarani anasikia unachosema. Hii habari sitaki mama aisikie kwanza. Kwa hiyo nimempa Bernado bahasha, kila wiki analetaga mizigo Musoma na anapita karibu na cherehani yako.

Habari yenyewe ni hii. Bunda, karibu na stendi, kuna mtu anaitwa Masatu anauza vitu vilivyotumika kutoka Ulaya: baiskeli, viti vya wagonjwa, majiko, kila kitu. Nimeona kwake mashine ya kufagia nyasi. Haina injini, haili mafuta. Ina magurudumu mawili, katikati kuna burashi ndefu, nyuma kuna mfuko wa turubai. Unashika mpini unasukuma kama toroli, magurudumu yakizunguka burashi nazo zinazunguka, majani yanarushwa mfukoni. Ukimaliza unamwaga.

Unajua zile nyasi za baba zilivyo na kazi. Mijohoro mitatu ile inamwaga majani mwaka mzima, na ule mkrismasi ndiyo usiseme. Nimefikiri tukishirikiana, mimi nusu na wewe nusu, tuinunue. Bei yake ni kama mbuzi wawili wakubwa. Fikiria, unijibu kwa barua. Usimwambie mama.

Wasalimie shemeji Lameck na watoto.

Ndugu yako,
Magige


Musoma,
3 Machi 2024

Magige mdogo wangu,

Barua imefika, nimeisoma mara mbili, ya kwanza kwa furaha na ya pili kwa wasiwasi. Huku hatujambo. Lameck mguu unamsumbua lakini kazini anakwenda. Mimi nina sare za shule za kushona mpaka naota vifungo. Ziwa limejaa, maji yamekaribia kule tulipokuwa tunanunua samaki wa furu zamani. Hongera ya ndama.

Sasa nijibu mambo machache. Baba alipanda nyasi hizo mwaka aliostaafu kutunza bustani kwenye nyumba ya wageni ya serikali hapa Musoma. Alizileta vipande vipande kwenye keria ya baiskeli, na watu wa kijiji wakamcheka kwamba anafuga nyasi ambazo ng'ombe haruhusiwi kula. Tangu siku hiyo zimefagiliwa kwa fagio la chelewa. Mama amezifagia, sisi tumezifagia, na hakuna jani lililowahi kutushinda. Leo imekuwaje hata uhitaji mashine ya Ulaya? Na wewe Magige ninayekujua, mtu wa kuruka jani na kuliacha pale pale, nani kakufundisha kujali majani?

Na kwa nini mama asisikie? Akisikia tunanunua mashine ya kumpumzisha, si angefurahi? Mimi kitu cha kufichwa mama sikipendi. Halafu nimeona jambo. Zamani nikipiga simu mama alikuwa anaongea mpaka salio linaisha. Tangu mwaka mpya anasema "Sijambo mwanangu, Mungu akubariki," simu anakurudishia. Hata haniulizi wajukuu.

Debora jirani yenu alikuja wiki jana kununua vitenge. Ameniambia mambo mawili bila mimi kumuuliza. La kwanza, mama hajaonekana kanisani tangu Januari, na wewe unasema ana mafua. Mafua ya miezi miwili? La pili, umekata michongoma yote ya mbele ya nyumba, imebaki kimo cha magoti, nyumba inaonekana kutoka barabarani kama duka. Baba aliifuga michongoma ile ili watu wasituchungulie. Unampambia nani nyumba, Magige?

Kuhusu mashine, mimi ni mtu wa vyombo, nauliza kama fundi. Majani yakilowa umande inayaokota? Burashi zikiisha unanunua wapi nyingine? Yale mawe yaliyochomoza upande wa kaburi la baba, itapita juu yake au itakwama? Mkrismasi una vijani vidogo kama mchele, vinashikwa au vinapita katikati ya burashi? Mtu asiyeweza kujibu haya asinunue.

Dada yako,
Euphrasia


Butiama,
Jumapili ya Matawi, 24 Machi 2024

Dada,

Samahani kwa kuchelewa, Bernado gari lilimharibikia. Mvua imeanza, tumepanda. Judith alikuwa na malaria, amepona. Ndama tumemuita Sikukuu. Mama hajambo, ameongezeka hata mwili kidogo.

Michongoma nimeikata kwa sababu ilikuwa na nyoka.

Umeuliza kuhusu mashine. Nilirudi Bunda nikamwomba Masatu niijaribu. Ana kipande cha nyasi mbele ya duka. Majani makavu inachukua vizuri, ukitembea pole pole hata mawe madogo inameza. Kuna skurubu pembeni, unapandisha burashi juu au unashusha, kwa hiyo mawe ya kaburini tutapandisha. Umande sijajaribu. Vijani vya mkrismasi sijajaribu. Burashi Masatu anasema anaweza kuagiza.

Dada, tusichelewe. Anasema kuna mtu wa Kibara mwenye nyumba ya wageni anaiulizia.

Usisikilize sana maneno ya Debora, anachunguzaga mambo ya watu.

Magige


Musoma,
21 Aprili 2024

Magige,

Tunashukuru Mungu Pasaka ilipita salama. Binti yangu Flora amefaulu majaribio, wa tatu darasani. Lameck ameambiwa apunguze chumvi, sasa chakula chetu wote hakina ladha.

Barua yako ina mistari michache sana na hakuna hata mmoja unaomhusu mama zaidi ya kwamba ameongezeka mwili. Mama yetu hajawahi kuongezeka mwili tangu anizae. Na nyoka wa kwenye michongoma aliishi na sisi miaka thelathini, leo ndiyo umemwona.

Nikuambie nilichofanya. Juma lililopita nilikuwa na msiba Kabasa. Tulipotoka kuzika nikawaacha wenzangu nikaenda stendi ya Bunda kumtafuta huyo Masatu. Sikumwambia mimi ni nani. Nilijifanya natafuta kitu cha bustani. Akanionyesha mashine, ni ya kijani, imepauka, mfuko una kiraka. Mvua ilikuwa imenyesha asubuhi. Nikavua viatu, nikasukuma mwenyewe kwenye nyasi zake. Majani yaliyolowa yalijikunja kwenye burashi kama uzi kwenye cherehani mbovu, ikabidi niyang'oe kwa vidole. Nikaenda palipokauka chini ya baraza, pale ilifagia vizuri kweli, sisemi uongo. Nilipoisukuma mara mbili tu ilisafisha mahali ambapo kwa fagio ningetumia nusu saa. Lakini vidogo ilivipita. Na upande wa kushoto burashi zimelika.

Nikamwambia Masatu, "Nasikia kuna mtu wa Kibara anaitaka."

Akacheka. "Mama, hakuna wa Kibara. Ninawaambia hivyo wote. Anayeitaka ni mmoja tu, anatoka Butiama, amekuja mara tatu."

"Mara tatu kwa ajili ya fagio?"

"Hata mimi nilishangaa. Wengine wakija wananiuliza inafagia haraka kiasi gani. Yeye aliuliza kama mpini unaweza kushushwa. Halafu akauegemea kwa uzito wake wote, akafumba macho, akaniambia nisukume kidogo aone kama itamkimbia. Akauliza, mtu akiiegemea, atasimama au ataanguka?"

Magige, mtu gani anachagua fagio kwa kuliegemea? Nimerudi Musoma na swali hilo na halijanitoka. Unaumwa? Una kizunguzungu, mgongo, nini? Kama unaumwa sema, mimi ni dada yako. Kama huumwi, basi kuna jambo kubwa zaidi unalonificha, na nitalijua.

Euphrasia


Butiama,
5 Mei 2024

Dada Euphrasia,

Mimi siumwi.

Leo sitakupa habari za ndama wala za mahindi. Alhamisi nilikuwa shambani, Judith akaja anakimbia. Nikakuta mtu anaitwa Amos, ana kofia na futi ndefu ya kuvutwa, anapima uwanja wetu. Alikuwa ameshapima kutoka barabarani mpaka kwenye kaburi la baba. Kaburi, dada! Amesimama juu ya ukingo wake anaandika kwenye daftari. Nikamuuliza, "Nani amekutuma?" Akasema, "Dada yako wa Musoma. Anataka kujua mipaka na kama kuna mtu amebadilisha hati."

Mama alikuwa mlangoni amesikia yote. Aliingia ndani akalala mpaka kesho yake, chakula alikataa.

Sasa nimeelewa kwa nini kila nikisema mashine unaniuliza umande na mchele. Mtu hanunui fagio la nyumba anayotaka kuiuza. Ulimchukua mama mwaka jana ukasema anakuja kupumzika wiki tatu, akarudi amekonda, hakutuambia kilichotokea mpaka leo, na wewe hujasema. Kumbe ulikuwa unajaribu kama anaweza kuhama. Ukishamhamisha yeye, mimi ni nani wa kubaki hapa?

Mashine usichangie. Nitauza Sikukuu niinunue peke yangu.

Magige


Musoma,
9 Juni 2024

Magige,

Imenichukua mwezi kushika kalamu. Nilianza barua tatu, zote nimezichoma kwenye jiko.

Amos nilimtuma mimi. Ni mteja wangu, anafanya kazi ya upimaji. Kwenye kaburi sikumwambia akanyage, na kwa hilo naomba radhi kwako na kwa baba. Lakini si kwa ajili ya kuuza. Niliona umekata michongoma, unanunua mashine ya kupendezesha nyasi, mama amefichwa ndani, na hutaki aambiwe. Mimi nikaona mtu anayetayarisha nyumba apate mnunuzi. Nilitaka nijue kama hati bado ina jina la baba kabla sijakuuliza usoni. Ndiyo, nilikushuku. Bado sijaacha.

Kuhusu zile wiki tatu za mwaka jana, sitaandika.

Nimempigia mama mara nne mwezi huu. Mara zote amepokea Judith akasema amelala. Saa nne asubuhi, mama yetu, amelala?

Jumamosi tarehe 15 nakuja. Nitapanda gari la asubuhi, nitafika mapema. Nimeshaandaa chumba hapa kwangu, kina dirisha la upande wa ziwa. Nikikuta hali ni kama ninavyofikiri, sitarudi peke yangu.

Euphrasia


Butiama,
Jumatano, 12 Juni 2024

Dada,

Nimemwomba Bernado akupe hii mkononi kabla hujasafiri. Naomba uisome ukiwa umekaa.

Mama alianguka. Ilikuwa tarehe sita Januari, alfajiri, kabla hatujaamka. Alikuwa anafagia chini ya mkrismasi na lile fagio lake fupi, ameinama kama anavyoinamaga, akainua kichwa kuangalia ng'ombe, kizunguzungu kikampata. Aliangukia mawe ya kaburini. Judith ndiye alisikia, si kelele, alisikia fagio limenyamaza. Nilimkuta amekaa amejishika mkono, uso una damu upande mmoja. Unajua alichosema? "Usiharibu nyasi, leta baiskeli huku kwa pembeni."

Mkono wa kulia ulivunjika kwenye kifundo. Alikaa na plasta wiki sita. Uso ulivimba, kwa hiyo kanisani akakataa kwenda. Hata Debora hakuambiwa. Daktari alisema presha yake inashuka akiinuka baada ya kuinama muda mrefu, kwa hiyo asiiname. Kazi nyingine afanye, kutembea atembee, ila kuinama basi.

Aliniapisha. Alinishika shati kwa mkono ule mzima akasema, "Ukimwambia Euphrasia atakuja na gari, na mimi Musoma sirudi." Nikamuuliza Musoma kulikuwa na nini, hakujibu. Nikaapa. Ndiyo sababu simu anaikwepa, anaogopa sauti yake itamfichua. Hajui kukudanganya, anajua kukata simu tu.

Plasta ilipotoka akarudi kwenye fagio. Nikalificha darini. Akatengeneza lingine. Nikalichoma. Siku hiyo nilirudi kutoka shambani nikamkuta amechuchumaa katikati ya uwanja, anaokota jani moja moja kwa vidole anatia kwenye kanga. Uwanja wote ule, dada. Nilitaka kumgombeza, nikashindwa, nikachuchumaa nikaokota naye.

Michongoma niliikata ili nikiwa shambani ng'ambo ya barabara nimwone kama amesimama au yuko chini. Nyoka nilikudanganya.

Na mashine. Nilipoiona kwa Masatu sikuona majani. Niliona mpini. Mtu anaisukuma amesimama wima, kichwa juu, na ina kitu cha kushika. Ndiyo maana niliuliza akiiegemea itamkimbia. Haikimbii, burashi zinaishika chini.

Sasa umejua. Njoo. Lakini hicho chumba chenye dirisha usimwambie siku ya kwanza.

Mdogo wako,
Magige


Musoma,
23 Juni 2024

Magige mdogo wangu,

Nilifika salama. Maharage na ndizi mlizonipa tumekula na majirani. Flora anataka kuja kumwona huyo Sikukuu, nimefurahi hukumuuza.

Nilipokuwa kwenu sikuweza kusema, na barua ni rahisi kuliko uso, kwa hiyo nakuandikia.

Nilikuja na begi tupu la nguo za mama. Uliliona, na hukusema kitu, nakushukuru. Jumamosi mchana ulipokwenda kunywesha ng'ombe nilikaa naye barazani. Niliutazama ule mkono wake, umepinda kidogo, nikaanza kulia. Yeye akaniacha nilie. Kisha akasema, "Kuna mashine Bunda."

Nikamuuliza amejuaje.

"Najua. Kuta za nyumba hii ni nyembamba, na mumewe Judith akinong'ona anasikika mpaka zizini. Tangu Februari mnaandikiana kama inafaa au haifai. Inamfaa nani? Mwenye fagio si mimi? Kuna mmoja wenu aliyeniuliza?"

Nikamwambia, "Mama, pumzika tu. Umefagia miaka yote hiyo. Waachie wengine."

Akaniangalia. "Nikibaki kitandani asubuhi nahesabu waliokufa. Baba yenu, dada zangu, watoto wangu wawili waliotangulia. Nikifagia nawaza majani. Wewe ulininyima majani wiki tatu."

Nilikuambia zile wiki tatu sitaziandika. Naziandika. Mama alipokuwa kwangu aliniomba kila siku nimrudishe, na kila siku nilimwambia magari hayapo, au wiki ijayo. Magari yalikuwepo. Nilimkataza asiguse kazi yoyote, nikaona ndiyo heshima. Siku moja asubuhi nikamkosa. Nikamkuta uwanja wa jirani, anafagia sementi ambayo haina hata jani moja, na mwenye nyumba amesimama anamtazama, haelewi. Nikamvuta mkono mbele ya wapangaji wote. Nikamwambia, "Unaniaibisha." Mama yangu mzazi. Alilirudisha fagio la watu mahali pake, akalisimamisha vizuri ukutani, akanifuata. Tangu siku hiyo hakuniomba tena nimrudishe nyumbani, alikaa tu mpaka nilipomleta mwenyewe.

Kwa hiyo wewe uliponificha ulikuwa na haki, na nilipokushuku nilikuwa najishuku mwenyewe nikakutafutia wewe kosa. Nisamehe.

Sasa kuhusu mashine. Mimi bado ni fundi na bado nasema ina kasoro. Umande haiwezi, vidogo inaviacha, burashi za kushoto zimelika. Mimi na wewe tumeijaribu, kila mmoja kwa siri yake, na hakuna kati yetu atakayeisukuma. Mpeleke mama Bunda. Aishike mwenyewe. Akisema hapana, ni hapana, na tutatafuta njia nyingine, na njia hiyo haitakuwa chumba changu. Akisema ndiyo, nusu yangu ipo, na burashi mpya nitazitafuta hata kama ni kuzishona kwa mkono.

Begi nimelirudisha juu ya kabati.

Dada yako,
Euphrasia


Butiama,
18 Agosti 2024

Dada Euphrasia,

Nyumbani kote ni wazima. Mahindi tumeweka ndani, panya wameshapata habari. Judith ameanza kuimba sauti ya kwanza. Sikukuu anapiga mateke. Utanisamehe kukaa kimya, nilitaka nikuandikie jambo likiwa limekwisha.

Tulikwenda Bunda mwisho wa Julai. Asubuhi mama alitoka na salfeti imejaa. Nikamuuliza ni nini, akasema, "Majani yangu. Huyo mtu wako ataniwekea majani mepesi ya dukani kwake." Bernado alitupakia mbele, salfeti mama aliipakata njia nzima.

Pale kwa Masatu hakusalimia mashine kwanza, aliizunguka. Aligusa burashi. Akafungua mfuko akanusa ndani. Akamwambia Masatu, "Hii imelika kushoto. Wazungu walikuwa wanageuzia upande mmoja tu." Masatu akaniangalia, akasema, "Bwana, siku zote ulikuwa unakuja wewe, kumbe mnunuzi ni huyu."

Akamwaga salfeti yote kwenye nyasi. Majani ya mijohoro, maganda yake, vijani vya mkrismasi, hata vijiti. Tukashusha mpini mpaka kwenye kiuno chake. Akashika. Nilisimama nyuma yake mikono nimeinyoosha kama mtu anayefundisha mtoto kutembea, akanigeukia. "Magige, toka hapo." Nikatoka.

Akasukuma. Hatua ya kwanza alisita, mkono ule unamuuma. Hatua ya pili, ya tatu, akaenda mpaka ukutani, akageuza, akarudi. Majani yameingia, maganda yameingia. Vijiti viwili vilikwama akasimama mpaka nikavitoa. Vijani vidogo vilibaki vingi, kama ulivyosema. Akavitazama muda mrefu, nikajua sasa atakataa.

"Hivi vidogo," akasema, "watafagia Judith na Magige. Wana migongo."

Kuhusu bei alibishana mwenyewe, mimi nilitumwa kununua maji. Niliporudi Masatu alikuwa anafuta jasho, na burashi za kushoto ameahidi kutafuta bila nyongeza. Hazijaja bado. Zile ulizompa Bernado, za nyuzi za katani, tumezifunga na zinafanya kazi, zinatoa tu sauti ya kukwaruza.

Nisikudanganye, wiki ya kwanza nyumbani hakuigusa. Aliifunika na gunia akasema inapumzika safari. Nikafikiri tumetupa mbuzi wawili. Nikaogopa hata kukuandikia. Akawa anakaa barazani anaitazama kama mgeni ambaye hajasema shida yake.

Siku ya nane nilikuwa nakamua, jua limeshatoka, umande umekauka. Nikasikia kukwaruza. Sikutoka. Judith naye alisimama jikoni na mwiko mkononi, tukaangaliana kwa mbali. Iliendelea, ikakata kona ya kaburini, ikarudi. Nilipomaliza ng'ombe nikachungulia. Anatembea wima, dada. Hajawahi kuwa mrefu hivyo tangu nimjue. Akifika mwisho anapumzika ameshika mpini, anatazama mbele, halafu anageuka.

Wakati huo Debora alikuwa anapita kwenda kisimani, akamsalimia kama anavyomsalimiaga kila asubuhi miaka yote hii, huku anaendelea na njia. Mama akasimama. Akamtazama usoni, akaanzia kwenye kitambaa cha kichwani akashuka, kama mtu anayesoma.

"Debora," akasema, "kumbe una mvi!"

Debora akatua ndoo. "Mama, nina mvi mwaka wa sita huu."

"Mimi nilikuwa najua miguu yako tu," mama akasema. "Njoo karibu nikuone."

Magige